Nani Atakula Hiyo Nyama?

Bibi alinikuta sebuleni, hapa Shinyanga mjini, nikimsubiri nyati kwenye skrini. Nilikuwa nimefuata nyayo zake karibu nusu saa. Katika theHunter: Call of the Wild, gemu iliyotoka mwaka 2017, huwezi kukurupuka. Upepo ukimpelekea mnyama harufu yako, anatimua mbio. Nikafyatua risasi, nyati akaanguka, alama zikapanda.

"Sasa mjukuu wangu," Bibi akauliza, "nani atakula hiyo nyama?"

Nikacheka. Sikuwa na jibu.

Nikiwa peke yangu nacheza hivyo, kwa subira. Nikiwa na washikaji ni habari nyingine. Tunaingia wanne, mmoja yuko Geita, anajiunga akitoka kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu, bando likiruhusu. Usiku uleule tulishindana: ndani ya saa moja, nani ataua wengi? Hakuna aliyejali upepo. Tulipiga nyumbu, ngiri, hata sungura. Mizoga tuliiacha pale ilipoangukia, maana kuifuata ni kupoteza muda.

Nilipozima, swali la Bibi likanirudisha kwenye jambo nililosoma chuoni kuhusu mkoa wetu.

Old Shinyanga, nje kidogo ya mji, ndiko Waingereza walikoweka makao ya utafiti wa mbung'o. Mkuu wake alikuwa Charles Swynnerton, ambaye kabla ya hapo alisimamia wanyamapori wa Tanganyika. Mbung'o waliua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Dawa ya kwanza ilikuwa kufyeka na kuchoma vichaka. Swynnerton alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1938. Miaka ya 1940 waliobaki wakajaribu njia nyingine: kuwamaliza wanyama ambao mbung'o hunyonya damu yao. Wanyama waliuawa kwa maelfu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1952.

Sisemi walikuwa wakatili. Kwa Msukuma ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni heshima. Ningekuwepo, na ng'ombe wa ukoo wetu wanakufa, huenda ningeshika bunduki nami.

Lakini uwindaji tulikuwa nao tangu zamani, na ulikuwa na vyama vyake. Wawindaji wa nungunungu, Banunguli, walitambaa hadi ndani ya mashimo kumfuata mnyama aliyeharibu mazao. Walikuwa na ngoma na nyimbo zao. Mtu aliingia shimoni akijua anamfuata nani, na kwa nini.

Kwenye jaribio lile, mnyama alikuwa hesabu tu. Kama kwetu usiku ule.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wakulima wakafufua ngitili, malisho yanayotengwa na kuachwa yapumzike. Miti ikarudi. Nyati je? Mimi mkoani kwetu sijawahi kumwona ila kwenye skrini.

Juzi niliingia tena peke yangu, nikaenda bondeni tulikofanyia mashindano. Nyumbu walikuwa wanakunywa maji, kundi zima, kana kwamba hatukuwahi kupita. Gemu huwarudisha yenyewe.

Nikalala nyasini, nikawatazama. Bibi alipopita nyuma yangu, nilikuwa bado sijafyatua.