Kichocho ni kimoja? Kwa nini kompyuta za hospitali zinahitaji kujua tofauti

Mgonjwa akifika zahanati huko Bukima, Musoma Vijijini, akasema ana kichocho, anaumwa nini hasa? Kwa watu wengi neno hilo maana yake ni kukojoa damu. Kumbe kwenye mwambao wa Ziwa Victoria kichocho kilichozoeleka ni cha tumbo, kinacholetwa na minyoo ya Schistosoma mansoni. Mayai yake hutoka na kinyesi. Kile cha mkojo, cha Schistosoma haematobium, ndicho cha Unguja na Pemba.

Jina moja, vipimo viwili. Mtu wa ziwani akipimwa mkojo peke yake anaweza kuambiwa hana kitu, huku mayai ya minyoo yakiendelea kuumiza ini lake taratibu.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya watafiti wa taarifa za afya. Wao hutengeneza ontolojia, yaani orodha ya maana: kila ugonjwa una utambulisho wake, na imeandikwa unasababishwa na nini, unashika sehemu gani ya mwili na ni aina ya ugonjwa upi. Kamusi humweleza mtu maana ya neno. Ontolojia huieleza kompyuta.

Hatua ya kwanza ni namba. Katika orodha ya ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, kichocho ni B65. Cha mkojo ni B65.0, cha tumbo ni B65.1.

Kwa Afrika Mashariki, mfano unaojulikana sana ni wa Eldoret, Kenya. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief Institute, Marekani, walianza kujenga OpenMRS, baada ya kuona mahitaji ya kliniki za VVU za huko. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Moyo wake ni kamusi ya dhana: ukitaka kuongeza ugonjwa au kipimo kipya unaongeza dhana tu, huandiki programu upya.

Tanzania, takwimu za rejista za MTUHA hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Wanaopanga dawa na vipimo huangalia jumla hizo. Kwa hiyo zahanati ikiandika "kichocho" bila kusema kipi, hakuna kompyuta itakayorudisha kilichoachwa kwenye kalamu.