Safu ya Maoni

Kila mwisho wa Desemba, wageni wa Krismasi wakishapanda matatu kurudi Nairobi, nilikuwa nafuta meza ya jikoni na kupanga juu yake silabasi, kitabu cha mwanafunzi, kalenda ya wizara, rula na penseli iliyochongwa. Watoto wangu walijua kwamba siku mbili hizo mama haombwi kitu. Anaandika skimu.

Kiswahili cha vitabuni huiita azimio la kazi. Huku Konoin, upande wa Bomet, ambako chai huanzia nyuma ya choo na kuishia mtoni, sikuwahi kumsikia mwalimu akitumia jina hilo ila mbele ya mkaguzi. Nilianza kuziandika Januari 1985 na nikaacha nilipostaafu mwaka wa 2022. Nyingi ninazo hadi leo, katika sanduku la bati ambalo baba alininunulia nikienda chuo cha ualimu. Panya wamekula pembe za miaka ya tisini, lakini maandishi yanasomeka.

Kila ukurasa una safu tisa zilizopigwa rula: juma, kipindi, mada, mada ndogo, shabaha, shughuli, nyenzo, asilia na, pembezoni kabisa, maoni. Nane za kwanza hujazwa kabla shule hazijafunguliwa. Ya tisa hujazwa baada ya kipindi, nayo ni nyembamba, haiingii maneno zaidi ya matatu kwa mstari. "Lengo limefikiwa." "Wengi wamekwama." "Rudia Jumatatu." Juzi nilizianika skimu hizo juani zitoke ukungu, nikajikuta nasoma safu hiyo peke yake kuanzia asubuhi hadi majani yakaenda kupimwa. Nane zile angeweza kuziandika mwalimu yeyote wa Kenya. Ya tisa ni historia ya hapa.

Hesabu za darasani na chai zilifika kwetu karibu wakati mmoja. Shule ya serikali ya Kabianga ilifunguliwa mwaka wa 1925, miaka ileile ambayo Brooke Bond na kampuni ya James Finlay walikuwa wakianza kupanda chai Kericho, kwenye ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Shamba kubwa la chai linataka karani: mtu wa kusoma mzani, kuandika ratili na kujumlisha ujira. Baba yangu, aliyesoma miaka ya hamsini, alifundishwa hesabu za namna hiyo hasa: ratili na wakia, futi na inchi, shilingi na senti. Kwa mpango wa Beecher wa 1949, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne, akachujwa kwa mtihani, na wachache waliopita wakasoma minne mingine hadi mtihani ulioitwa KAPE. Baba alichujwa darasa la nne. Hata uzeeni aliweza kugeuza ratili kuwa wakia kichwani, haraka kuliko sisi na karatasi, na hakuna duka Mogogosiek nzima lililokuwa likipima kwa wakia tena.

Mimi nilipoingia darasa la kwanza mwaka wa 1969, upepo ulikuwa umegeuka. Mwaka wa 1962 wataalamu kutoka nchi za Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hesabu mpya kwa shule za Afrika. Mawimbi yake yalitufikia huku juu katika umbo la seti. Tulichora duara la ng'ombe weupe, duara la ng'ombe wenye pembe, na pale yalipokatana tukaandika waliokuwa weupe na wenye pembe. Mimi nililipenda somo hilo. Wazazi hawakulipenda: walisema mtoto anajua makutano ya seti lakini dukani anapunjwa chenji. Mwaka wa 1981 serikali ikaziondoa hesabu hizo, na sisi tulioingia chuoni baadaye tukafundishwa kufundisha tofauti na tulivyofundishwa.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza Januari ileile niliyoripoti kazini. Darasa la nane likaongezwa, na mtihani wake wa mwisho, KCPE, ukafanywa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo. Vitabu vipya vilikuwa bado havijatufikia, kwa hiyo skimu yangu ya kwanza, ya hesabu za darasa la tatu, niliinakili kwa mwalimu mwenzangu neno kwa neno. Safu ya maoni ya muhula wote wa kwanza inasema kitu kimoja kutoka juu hadi chini: "Lengo limefikiwa." Ulikuwa uongo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilimwogopa mkaguzi.

Ukweli unaanza muhula wa pili, juma la tatu. Penseli imeandika: "Kukopa. Sina jibu."

Nilikuwa nafundisha kutoa, 52 toa 17. Mbili toa saba haiwezekani, nikasema, basi twende kwa jirani tukope kumi. Ndivyo nilivyofundishwa mimi. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, hiyo kumi tutairudisha lini?"

Darasa halikucheka. Walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi, wakangoja.

Walikuwa watoto wa wakulima wa KTDA. Shirika hilo liliundwa mwaka wa 1964 ili chai isiwe ya mashamba makubwa peke yake, na kila nyumba iliyouza majani kwalo ilijua mwendo wake. Mbolea huja kwa mkopo. Majani hupelekwa kituoni kila siku ya kuchuma, karani akapima, akatoa uzito wa gunia, akaandika risiti. Malipo kidogo hutoka kila mwezi, na Oktoba hutoka bonasi. Deni la mbolea hukatwa mkulima apende asipende. Katika nyumba hizo hakukuwa na kumi iliyokopwa ikayeyuka. Msichana yule alikuwa ameielewa hesabu vizuri, na akaona kwamba neno langu ndilo lililokosea.

Wiki hiyo jirani yangu alikuwa akipogoa chai. Nikaokota vijiti vilivyoanguka, nikavikata urefu mmoja, nikavifunga kumi kumi kwa kamba za mgomba. Siku iliyofuata 52 ilikuwa mafungu matano na vijiti viwili juu ya meza. Unatakiwa kutoa vijiti saba na unavyo viwili: fungua fungu moja. Sasa una mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Toa saba, vinabaki vitano. Toa fungu moja, yanabaki matatu. Thelathini na tano, na hakuna anayedaiwa. Desemba iliyofuata, kwenye safu ya shabaha, nilifuta "kukopa" nikaandika "kufungua fungu". Neno lile halikurudi tena katika skimu zangu.

Vijiti vilikubalika upesi kwa sababu lugha ilikuwa tayari upande wetu. Kwa Kipsigis kumi ni taman, na kumi na moja ni taman ak agenge. Kiswahili nacho husema vivyo hivyo, kumi na moja, fungu moja na kijiti kimoja. Mtoto akitamka namba amekwisha kuipanga. Akifika darasa la nne hesabu zikawa kwa Kiingereza, anakutana na "eleven" na "twelve", maneno yaliyoficha ile kumi tumboni. Nilipopewa darasa la nne, safu yangu ya maoni ilijaa neno "wamesahau". Nikilisoma leo naona haya. Hawakuwa wamesahau chochote. Walikuwa wameondolewa fungu machoni.

Miaka ya sabini Wamarekani wawili, Sara Harkness na Charles Super, walikaa katika kijiji kimoja cha Wakipsigis upande wa Kericho wakichunguza malezi ya watoto. Miongoni mwa waliyoandika ni maana ya neno letu ng'om, mwenye akili. Wazazi waliligawa mara mbili: ng'om en gaa, mwenye akili za nyumbani, na ng'om en sukul, mwenye akili za shule. Wa kwanza ni yule anayeona ndama amefunguka akamfunga bila kutumwa. Mama yangu alitumia mgawanyo huo kila siku, na kwake wa kwanza ndiye aliyekuwa na uzito. Hesabu yenyewe alikuwa na mashaka nayo. Kogo, nyanya yetu, hakuruhusu mtu ahesabu watoto wake kwa kidole, na ng'ombe alimjua kwa rangi: ukiuliza wangapi, atakuambia ni nani hajarudi. Skimu kutoka Nairobi haikuwa na safu ya akili za nyumbani. Nafasi niliyoipata ni safu ya nyenzo. Humo nikaandika risiti za majani, gunia, na mzani wa saa niliouazima kituoni.

Baada ya hapo nikajifunza kutoa wiki. Chini ya 8-4-4 tulihesabu wiki 39 hivi za masomo kwa mwaka. Mwalimu hutoa za mitihani, mapumziko ya katikati ya muhula, siku za mbio na za tamasha la muziki. Wa huku hutoa na mvua. Upepo wa Ziwa Victoria hupanda mchana, ukakutana na vilima hivi, na matokeo yake ni mvua ya mawe kwa wingi ambao sehemu chache duniani huuona. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na mradi Kericho wa kurusha ndege kuyatibua mawingu kabla hayajaharibu chai. Mawe hayakukoma. Yakianza kupiga mabati saa nane mchana, mwalimu hajisikii mwenyewe. Kwa hiyo, katika madarasa ya juu, hesabu za kichwa zinazotaka sikio nilizipanga asubuhi, na jiometri nikaiweka vipindi vya mwisho, mtoto afuate chaki kwa macho.

Oktoba ilikuwa na mvua yake. Miaka mitatu mfululizo, safu ya maoni ya juma moja la mwezi huo inasema "Bonasi" tu, maana nusu ya darasa ilikuwa sokoni ikipimwa viatu. Mwaka wa nne nikaihamisha mada ya fedha kutoka muhula wa kwanza hadi juma hilo. Watoto waliletwa na mama zao wakiwa na risiti za mwaka mzima mfukoni, tukajumlisha kilo, tukazidisha, tukatoa mbolea. Mkaguzi mmoja akaandika kwamba mada ya fedha haiko mahali pake. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba huku kwetu fedha yenyewe haiko mahali pake hadi Oktoba.

Mengine niliyaandika tu, sikuweza kuyapanga. Oktoba 1997: "Mgomo." Walimu nchi nzima tulikuwa nje tukidai mishahara. Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure: "Watoto 94." Kila kijiti cha fungu kikawa cha watoto watatu. Januari 2008, baada ya uchaguzi na vurugu zake: "Tisa hawapo." Walikuwa watoto wa wachumaji kutoka jamii nyingine. Nilisoma majina yao kwenye rejista mwezi mzima kabla ya kuyapigia mstari, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini kogo alitaka kujua nani, asitake kujua wangapi.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, juma la kumi, nilikuwa na Gredi ya 3 ya mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka uliotangulia. Tulikuwa kwenye kutoa. Maoni: "Fungu. Rudia Jumatatu." Jumapili serikali ikafunga shule kwa sababu ya korona. Jumatatu hiyo ilifika tarehe 4 Januari 2021.

Wiki zilizopotea zilibidi zirudishwe. Mihula ikafupishwa, likizo zikakatwa. Mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza Julai, wa 2022 ukaanza Aprili, na KCPE ikafanywa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Machi na tena mwisho wa Novemba. Nilimkumbuka msichana wa dawati la mbele. Hapa palikuwa na kukopa kwa kweli, na waliolipa walikuwa watoto, kwa likizo zao. Kalenda ilirudi Januari kuanzia 2023. Mimi nilikuwa nimestaafu deni likiwa bado.

Januari hiyo kijana wa jirani, aliyeajiriwa karibuni, alinijia na skimu ya hesabu ya mwaka mzima. Aliinunua kwenye simu, akaichapisha saiba pale Litein. Ni nadhifu kuliko yangu yoyote: mada, matokeo, maswali dadisi, yote kwa mistari iliyonyooka. Safu ya mwisho siku hizi huitwa tafakari, nayo ilikuwa imejazwa tayari, wiki baada ya wiki, kabla hajakutana na mtoto hata mmoja. Lengo limefikiwa, lengo limefikiwa.

Sikumcheka. Nilimtolea skimu yangu ya 1985 akaona maneno hayohayo kwa mwandiko wangu. Kisha nikampa penseli na kifutio, nikamwambia aanzie pembezoni.