Kwaheri ya Nani? Filamu ya "Africa Addio", Mapinduzi ya Zanzibar na Sauti ya Msimulizi

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Gasorwe, upande wa Muyinga, kuwatembelea wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Gasorwe inajulikana kwa kambi yake ya wakimbizi kutoka Kongo. Kwa mwalimu wa Kiswahili ni mahali penye mengi ya kusikiliza, kwani Kiswahili cha Kivu hukutana huko na Kirundi kila siku, sokoni na barabarani. Jioni moja mimi na wanafunzi wawili tuliingia katika kibanda cha video. Zilikuwa zikionyeshwa picha za vita: nyumba zinaungua, watu wamelala chini hawainuki. Kando ya televisheni alisimama kijana mwenye kipaza sauti, akifasiri kwa Kiswahili.

Picha zenyewe hazikusema waliouawa ni akina nani, wala nani aliwaua. Yeye alisema. Alitaja kabila, akataja kijiji, akataja na sababu. Watu wakatoka mle ndani wakiwa na hakika ya mambo ambayo macho yao hayakuyaona.

Tulipokuwa tukirudi, mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, yule kijana alijuaje?" Nilimjibu maneno ya juu juu tu. Makala haya yanakusudia kumjibu vizuri zaidi, kwa kuangalia historia ya filamu moja iliyosumbua watu wengi, na ambayo inatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Filamu na watengenezaji wake

"Africa Addio", yaani "Kwaheri Afrika", ilitolewa nchini Italia mwaka 1966. Waliiongoza Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, ambao walikuwa wamepata umaarufu mwaka 1962 kwa filamu yao "Mondo Cane". Mtindo wao ulikuwa kukusanya matukio ya kushtua kutoka pande mbalimbali za dunia, kuyaunganisha kwa muziki mtamu, kisha kuweka juu yake sauti ya msimulizi mwenye kejeli.

Kwa muda wa miaka mitatu hivi walizunguka bara letu wakati bendera za wakoloni zilipokuwa zikishushwa. Walipiga picha Kenya, ambako walowezi walikuwa wakiuza mashamba yao. Walipiga picha za mauaji ya wanyamapori. Walifika Kongo wakati wa uasi wa Simba mwaka 1964, wakafuatana na askari wa kukodiwa. Hoja inayopita katika filamu nzima ni moja: Mzungu ameondoka mapema mno, na aliyeachwa nyuma hawezi kujitawala. Ukoloni wenyewe, kazi za kulazimishwa, kodi na ardhi iliyonyang'anywa, haupewi nafasi ya kushtakiwa.

Aidha, namna picha zilivyopatikana ilizua mashaka. Mwandishi wa habari wa Kiitalia, Carlo Gregoretti, aliandika kwamba huko Kongo mauaji fulani yalipangwa yaendane na kamera. Jacopetti alichunguzwa kisheria kwa jambo hilo, na hatimaye akaondolewa hatia. Hata hivyo, swali liliendelea kuifuata filamu: mwenye kamera anapomwona mtu anakaribia kuuawa, yeye ni shahidi tu, au ni mshiriki?

Mwezi Agosti 1966 wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani waliandamana huko Berlin Magharibi kupinga kuonyeshwa kwake. Nchini Marekani, mhakiki Roger Ebert aliandika mwaka 1967 kwamba ni filamu ya kibaguzi na isiyo na uaminifu.

Picha za Unguja

Sehemu inayojadiliwa zaidi katika ukanda wetu ni ile ya Zanzibar. Kama tunavyojua, Mapinduzi yalitokea usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Desemba 1963. Sultani Jamshid bin Abdullah alikimbia, na Sheikh Abeid Amani Karume akawa Rais. Katika siku zilizofuata watu wengi waliuawa, hasa wenye asili ya Kiarabu. Makadirio ya idadi yao yanatofautiana sana, kuanzia mamia kadhaa hadi 20,000.

Wataliano hao walipiga picha zao kutoka angani. Tunaona misururu ya watu wanaotembezwa, watu waliokimbilia ufukweni, miili iliyolala, na mashimo ya kuzikia. Siku zilezile, askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, tarehe 20 Januari. Watengenezaji walisimulia kuwa huko nao waliponea chupuchupu, walipotolewa garini na askari.

Hapa mwalimu wa lugha atue kidogo. Kwa kuwa picha za Unguja zilichukuliwa kutoka juu, hatusikii sauti ya hata mmoja wa watu wale. Hakuna anayelia kwa Kiswahili, hakuna anayetaja jina lake, hakuna anayeeleza ametoka shamba gani. Anayesema ni msimulizi peke yake, na anasema Kiitalia. Ni yeye anayetuambia tunachokiona na idadi yake.

Linganisha na sauti iliyosikika kisiwani siku hizohizo. John Okello, aliyejiita "Field Marshal", alikuwa akitoa amri na vitisho redioni kwa Kiswahili. Alikuwa mzaliwa wa Uganda ya kaskazini, na lafudhi yake iliwashangaza Waunguja. Basi tuna vitu viwili vilivyotengana: sauti isiyo na picha, na picha isiyo na sauti ya wenyeji. Historia nzima haimo katika kimojawapo.

Kutoka jumba la sinema hadi sebuleni

Filamu hii haikubaki moja. Mwaka 1970 msambazaji mmoja wa Marekani aliikata ikabaki kama dakika 80 kutoka zaidi ya 130, akaipa jina la "Africa Blood and Guts", kwa maana ya damu na matumbo ya Afrika. Mambo mengi ya siasa yaliondolewa, damu ikabaki. Jacopetti mwenyewe aliikana nakala hiyo. Kwa hiyo picha zilezile ziliwahi kuwa hoja ya kisiasa kwa lugha moja, na burudani ya kutisha kwa lugha nyingine.

Mwaka 2003 kampuni ya Blue Underground ya Marekani iliitoa katika seti ya DVD nane pamoja na filamu nyingine za watu hao. Humo mlikuwa na nakala ya Kiingereza na ile ndefu ya Kiitalia. Hatua hiyo ilikuwa na faida kwa mtafiti, kwani sasa aliweza kukaa nyumbani, akasimamisha picha, akarudi nyuma, akalinganisha maneno ya msimulizi katika lugha mbili. Lakini ilikuwa na hasara pia. Vipande vya Unguja vilikatwa na kusambazwa vikiwa peke yake, baadaye kwenye intaneti, kila mtu akiweka maelezo yake. Anayeyapinga Mapinduzi huvionyesha kama ushahidi uliokamilika. Anayeyatetea huvikataa vyote kama uzushi wa wakoloni. Wote wawili humkwepa yule aliyelala mchangani.

Watu wa nchi nyingine wamepitia mjadala unaofanana na huu. Filamu ya Kiserbia "Srpski film" ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Srđan Spasojević, ilikatwa zaidi ya dakika nne kabla ya kuruhusiwa Uingereza. Mwongozaji alidai kuwa ukatili wake ni sitiari ya namna dola inavyowatenda raia. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hoja hiyo. Lakini wale walikuwa waigizaji, na baada ya kazi walirudi makwao. Waliolala Unguja hawakuwa waigizaji.

Tufundishe nini?

Darasani tunasoma "Kasri ya Mwinyi Fuad" ya Adam Shafi (1978), ambayo inayaangalia Mapinduzi kwa jicho la mtwana na mkulima. Mwaka 2010 Harith Ghassany alichapisha "Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!", kitabu kinachokusanya masimulizi ya watu kwa Kiswahili na kufika kwenye hitimisho tofauti kabisa. Angalieni neno "kwaheri". Mtaliano aliliaga bara kana kwamba lilikuwa lake. Ghassany anaaga vitu viwili kwa pamoja, na cha pili kinauma. Neno ni moja, lakini anayeaga si mmoja.

Napendekeza maswali matatu kwa kila picha au matini ya namna hii. Nani anasema? Anasema kwa lugha ya nani? Na nani yumo katika picha lakini hajapewa nafasi ya kusema? Hakuna haja ya kuwaonyesha wanafunzi maiti ili kufundisha haya. Katika nchi iliyopitia 1972 na 1993, huwezi kujua aliyekaa dawati la nyuma alimpoteza nani. Maneno ya msimulizi yakiandikwa ubaoni yanatosha. Waulizeni wanafunzi ni sentensi zipi zinaeleza kinachoonekana, na zipi zinahukumu.

Hitimisho

Picha za angani za Zanzibar haziwezi kutupwa, maana watu walikufa na picha hizo zinabeba sehemu ya ushahidi. Wala haziwezi kumezwa pamoja na maneno yaliyobandikwa juu yake. Kazi yetu sisi wa lugha ni kutenganisha viwili hivyo kwa uangalifu.

Yule mwanafunzi wa Gasorwe sasa naye ni mwalimu. Akisoma jarida hili, jibu langu ni hili: kijana wa kipaza sauti hakujua. Alikuwa na picha mbele yake na watu waliolipa wakingoja kuambiwa, naye akawaambia. Ulifanya vyema kuuliza, na mimi nilipaswa kukujibu siku ileile.