Breki Hazifeli Ghafla: Dalili za Hitilafu na Hatua za Kuchukua Kabla ya Kushuka Mlima

Ajali inapotokea katika mteremko, maelezo ya awali mara nyingi huwa mafupi: "Breki zilifeli." Kauli hiyo hueleza sekunde za mwisho tu za tukio. Ni nadra kwa mfumo wa breki kushindwa kufanya kazi bila kutanguliwa na dalili, na dalili hizo huweza kutambuliwa na dereva wa kawaida gari likiwa bado limeegeshwa. Suala hili lina uzito wa pekee kwa vyombo vinavyopita katika miteremko mirefu, kama ile ya Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida na barabara ya Lushoto hadi Mombo mkoani Tanga.

Joto ndilo chanzo kikuu

Dereva anapokanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa kupitia mabomba hadi kwenye magurudumu, ambako pedi hubana diski, au viatu vya breki husugua dramu. Msuguano huo hupunguza mwendo kwa kuugeuza kuwa joto. Lori lenye uzito wa tani 30 likishuka mteremko wenye kimo cha mita 300 kwa kutegemea breki pekee, huzalisha joto linalotosha kuchemsha takriban lita 280 za maji. Breki zikipata joto kupita kiasi, pedi hupoteza uwezo wa kushika, hata kama dereva atakanyaga kwa nguvu zake zote.

Mafuta ya breki nayo huathirika. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka katika nyuzi joto zisizopungua 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 nyuzi 230. Hata hivyo, mafuta hayo hufyonza unyevu kutoka hewani kadiri muda unavyopita, na viwango hivyo huweza kushuka hadi kufikia nyuzi 140 na 155. Yakichemka, mapovu hujaa ndani ya mabomba na pedali huzama bila gari kupunguza mwendo. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua.

Dalili na maana zake

Mlio mwembamba wakati wa kufunga breki huashiria kuwa pedi zinakaribia kwisha. Mlio huo ukigeuka kuwa mkwaruzo mzito, pedi zimekwisha na chuma kinasaga chuma. Kwa magari madogo, pedi iliyobakiza unene wa milimita 3 inapaswa kubadilishwa.

Pedali inayobonyea kwa ulaini kama sponji huashiria kuwepo kwa hewa ndani ya mabomba. Pedali inayozama taratibu wakati mguu umetulia juu yake huashiria uvujaji au ubovu wa pampu kuu ya breki. Katika hali zote mbili, gari halipaswi kusafiri kabla ya kukaguliwa na fundi.

Gari linalovutia upande mmoja linapofungwa breki huenda lina gurudumu ambalo breki yake imeganda au haishiki. Mtetemo wa usukani au pedali mara nyingi hutokana na diski zisizo sawa. Harufu ya kuungua, au gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine, huonyesha breki isiyoachia.

Kupungua kwa mafuta ya breki pia ni dalili. Huenda pedi zimelika, au kuna mahali yanapovuja. Kuongeza mafuta bila kutafuta sababu ni kuficha tatizo. Aidha, kujaza oili ya injini katika chombo cha mafuta ya breki ni hatari, kwa kuwa oili huharibu mipira ya mfumo mzima.

Kwa malori na mabasi yenye breki za upepo, kengele au taa ya onyo ikiendelea kuashiria upungufu wa upepo, gari lisiondoke. Matangi ya upepo yanapaswa kuondolewa maji mara kwa mara.

Kushuka mlima kwa usalama

Dereva anashauriwa kuchagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko, ili injini isaidie kuzuia mwendo. Breki zikanyagwe kwa vipindi, mwendo upungue, kisha ziachiwe zipoe.

Baadhi ya madereva huweka gari nyutro kwa imani ya kuokoa mafuta. Imani hiyo haina msingi kwa magari mengi ya kisasa, kwani injini ikiwa ndani ya gia wakati wa kushuka hukatiwa mafuta na mfumo wake wenyewe, ilhali ikiwa nyutro huendelea kuyatumia. Kibaya zaidi, kazi yote ya kuzuia gari hubaki kwa breki.

Dalili za breki kuchoka zikionekana, dereva asimame mapema mahali tambarare, aweke kabari kwenye magurudumu na kuacha breki zipoe zenyewe. Kumwagia maji baridi diski au dramu zenye moto huweza kuzipasua. Pedali ya gari dogo ikizama likiwa katika mwendo, ikanyagwe kwa kurudiarudia, gia ipunguzwe na breki ya mkono ivutwe polepole. Kwa breki za upepo, kukanyaga kwa kurudiarudia humaliza upepo, hivyo kuepukwe.

Wajibu wa wamiliki

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo cha moto kiwe katika hali inayofaa kutumika barabarani. Wajibu huo humgusa pia mmiliki anayeahirisha kununua pedi mpya na kumtaka dereva "asukume hivyo hivyo" hadi safari ijayo. Dereva aliyeripoti hitilafu anastahili kusikilizwa kabla gari halijapakiwa abiria au mzigo, kwa kuwa gharama ya pedi na mafuta ya breki haiwezi kulinganishwa na thamani ya maisha ya watu walio ndani ya gari na wale watakaokutana nalo chini ya mlima.