Furaha Iliyovuka Mto Kagera

Magharibi mwa Kibingo unapita Mto Kagera, na ng'ambo yake ni Rwanda. Huko Gahini ndiko ulikochipuka Uamsho uliowapa Wakristo wa Bukoba na Karagwe nyimbo zao za furaha.

Uamsho huo haukuanza wakati wa neema. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Gahini mwaka 1928, na njaa kali ikaikumba Rwanda ya mashariki. Mwaka 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, akaenda kufundisha Gahini. Alifariki kwa homa Januari 1936, angali kijana. Kifo chake hakikuuzima moto. Miaka michache baadaye ulikuwa umefika Bukoba.

Kisha vita ya 1939 ikaja. Wamisionari wa Kijerumani wa Betheli, ambao misheni yao ilianza Bukoba mwaka 1910, waliwekwa kizuizini. Kazi ikabaki mikononi mwa wachungaji na wainjilisti wenyeji. Walokole waliungama dhambi hadharani, wakarudisha mali za watu, wakapatana na majirani. Hata hivyo tuseme kweli: baadhi yao waliwahukumu wenzao kwa ukali na kuleta mafarakano. Furaha isiyo na upendo hugeuka majivuno.

Mtu wa Uamsho huo alikuwa Josiah Kibira, mzaliwa wa Buhaya, askofu tangu 1964. Mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Aliitumikia nafasi hiyo hadi 1984, huku ugonjwa wa Parkinson ukiutetemesha mwili wake. Alifariki mwaka 1988.

Wakati huohuo Kagera ilikuwa ikizika. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani mwetu mwaka 1983. Hapo imani ilipimwa kwa matendo. Kumwambia mjane asilie si furaha ya Kristo. Hata Yesu alilia kaburini kwa Lazaro. Furaha ya Kristo ni kukaa naye matangani, kumlimia shamba lake la migomba, na kuwapeleka yatima wake shule.

Paulo aliwaandikia Wafilipi habari za furaha akiwa kifungoni. Minyororo ilikuwepo, na Bwana alikuwepo. Ndugu msomaji, hata kwetu viwili hivyo vimekaa pamoja.