Iringa: mkoa uliopima watoto wake, kisha ukaacha kuwasikiliza

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliitaja Iringa kuwa kinara wa udumavu Tanzania Bara na Visiwani: takriban watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Aibu hii inauma zaidi kwa anayeijua historia ya mkoa huo.

Mwaka 1983, kwa fedha za Italia zilizopitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani, mradi wa lishe ulianza Iringa, katika vijiji 168.

Iringa ni ghala la mahindi. Kwa nini basi watoto walikonda? Ripoti za mradi zinasisitiza jambo moja: mama alishinda shambani, na mtoto aliyeanza kulikizwa alipewa uji mzito mara mbili tu kwa siku. Tumbo dogo lilijaa haraka, mwili ukabaki na njaa. Ukiongezwa maji, uji ulilainika lakini ukapoteza nguvu. Dawa ilikuwa tayari jikoni: kimea, unga wa nafaka iliyochipuzwa, uleule wa kutengenezea pombe. Kidogo tu kikikorogwa kwenye uji mzito, unalegea bila kuongezwa maji, na mtoto anakula chakula kingi zaidi kwa mlo mmoja.

Mradi haukuishia jikoni: kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, na matokeo yakapelekwa mbele ya serikali ya kijiji. Wazee waliozoea kujadili pembejeo na michango sasa walilazimika kueleza kwa nini watoto wa kijiji chao wako kwenye rangi nyekundu ya kadi ya kliniki, yaani uzito uliopungua mno. Mtoto mwenye uzito pungufu akawa hoja ya kijiji kizima. Kufikia 1988, kwa mujibu wa ripoti hizo, utapiamlo mkali ulishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya 2.

Mradi ulipanuliwa hadi mikoa mingine, ufadhili ukapungua, mikutano ikafifia. Kliniki bado zinapima, lakini namba huishia kwenye kadi ya mama.

Wenyeviti wa vijiji vya Iringa, zirudisheni namba hizo mkutanoni, zisomwe kwa sauti, na baba wa mtoto awepo.