Mapenzi na Kufuli: Historia ya Wizi wa Ford Cosworth katika Uingereza

Historia ya kitu chochote kitamaniwacho ina pande mbili: upande wa waliokitaka kwa haki, na upande wa waliokitaka bila haki. Upande wa kwanza huandikwa na washabiki, kwa sifa na picha. Upande wa pili huachwa katika madaftari ya polisi na ya kampuni za bima. Makala haya yanashika upande wa pili. Yanaeleza habari za motokaa moja ya Uingereza, Ford iliyotiwa injini ya Cosworth, ambayo ilipendwa na vijana wa nchi ile kuliko nyingi za wakati wake, ikawindwa na wezi hata wengi walioinunua kwa jasho lao wakashindwa kukaa nayo. Nia yangu ni kuonyesha ya kuwa wizi huo haukuletwa na tamaa peke yake. Tamaa ilikuwako kabla yake, na ingaliko hata leo. Lililobadilika ni kufuli.

Kwanza tutazame asili yake. Cosworth ni jina la kuunganishwa. Mike Costin na Keith Duckworth, mafundi wawili wa Kiingereza, walianzisha kampuni yao mwaka 1958, wakachukua kipande cha jina la mmoja na kipande cha jina la mwenziwe. Kampuni hiyo, iliyokuja kukaa mjini Northampton, ilipata sifa kwa injini za mashindano, na kwa miaka mingi ilifanya kazi pamoja na Ford. Afrika Mashariki ilipata kuiona kazi yao mapema. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Ufini alishinda Safari Rally kwa Ford Escort RS1600, akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda mashindano hayo; injini ya motokaa ile ilikuwa imebuniwa na Cosworth.

Katika miaka ya 1980 kanuni za mashindano ya kundi liitwalo A zilidai ya kuwa motokaa isishindane mpaka kiwanda kimekwisha kutengeneza 5,000 za namna hiyo katika muda wa miezi 12. Kusudi la kanuni lilikuwa jema: kuzuia viwanda visilete uwanjani vyombo vya ajabu ambavyo raia hawezi kuvinunua. Walakini kanuni hiyo ilikuwa na tokeo jingine. Kiwanda kilichotaka kushinda kilipaswa kuuza barabarani maelfu ya motokaa zilizokusudiwa uwanja wa mashindano. Basi mwaka 1986 ilitoka Ford Sierra RS Cosworth, yenye injini ya lita 2 iliyosaidiwa na turbo, nguvu za farasi 204, na mwendo uliokaribia kilomita 240 kwa saa. Zilitengenezwa 5,545. Kati ya hizo, 500 ziligeuzwa mwaka 1987 zikawa RS500, yenye nguvu zaidi, kwa maana kanuni iliruhusu kiwanda kuboresha chombo chake kikitengeneza 500 za namna iliyoboreshwa. Motokaa hizi zilishinda nyingi. Mwaka 1988 Didier Auriol wa Ufaransa alishinda mashindano ya Corsica kwa Sierra hiyo, na RS500 ilitawala viwanja vya Uingereza na Australia.

Bei yake ilikuwa chini ya pauni 16,000. Fedha hizo hazikuwa kidogo, lakini zilikuwa chache mno zikilinganishwa na bei ya motokaa za Italia na Ujerumani zilizoweza kukimbia sawa nayo. Fundi, mwenye duka dogo au karani aliyejibana aliweza kuipata. Hapo ndipo sifa yake ilipozaliwa: ilikuwa motokaa ya mabingwa iliyoegeshwa mbele ya nyumba za watu wa kawaida.

Lakini humo humo mlikuwa na udhaifu wake. Sierra ya kawaida ilikuwa motokaa ya jamaa, ya kupeleka watoto shule na mume kazini. Ford iliichukua Sierra ile ile, ikaitia injini mpya, breki za nguvu na bawa kubwa la nyuma ambalo lilitangaza kwa kila mpita njia kitu kilichomo ndani. Mlango na kufuli lake vilibaki kuwa vya motokaa ya jamaa. Chombo chenye mwendo wa mashindano kililindwa kwa ulinzi wa kitu cha kwendea sokoni, nacho kililala usiku kando ya njia. Mtu asiye na haki nacho hakuhitaji akili nyingi wala dakika nyingi.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze maana ya kiwango cha wizi, kwa kuwa wengi huchanganya kiwango na idadi. Idadi ni hesabu ya motokaa zilizoibwa; kiwango ni hesabu hiyo ikigawanywa kwa zile zilizopo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ya kuwa motokaa 100 za aina moja zimeibwa katika mwaka. Ikiwa za aina hiyo ziko 100,000, imeibwa moja katika kila 1,000, na jirani hasikii. Ikiwa ziko 5,545 tu, zimeibwa 18 katika kila 1,000, na kila mwenye nayo hulala jicho moja li wazi. Kwa sababu hiyo motokaa ya kawaida huongoza katika orodha ya idadi, na motokaa adimu huweza kuongoza katika orodha ya kiwango, na kila orodha ni ya kweli kwa swali lake. Wamarekani walilitia jambo hili katika sheria. Sheria yao ya mwaka 1984 iliamuru viungo vikubwa vya motokaa za aina ziibwazo mno vitiwe alama, na baadaye kipimo cha aina hizo kikawa kiwango cha kati cha miaka 1990 na 1991, yaani motokaa 3.5826 katika kila 1,000 zilizotengenezwa. Aina iliyopita hapo ilihesabiwa kuwa ya hatari. Katika Uingereza Wizara ya Mambo ya Ndani ilichapa mwaka 1992 orodha iliyolinganisha wizi wa kila aina na wingi wake barabarani, ili mnunuzi ajue hatari anayoinunua, na mtengenezaji aone aibu anayoiuza.

Sasa tutazame wezi wenyewe, kwa kuwa hawakuwa kabila moja. Wa kwanza walikuwa vijana waliotwaa motokaa kwa kuiendesha tu. Sheria ya Kiingereza ilihangaika nao kwa miaka mingi. Wizi, katika sheria ile, ni kutwaa mali ya mtu kwa nia ya kumnyima daima. Lakini kijana aliyeitwaa motokaa usiku na kuiacha njiani alfajiri aliweza kusema hakuwa na nia hiyo. Ndiyo maana Sheria ya Barabara ya mwaka 1930 ilitunga kosa la peke yake la kutwaa na kuendesha bila idhini, na Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 ikaliendeleza katika kifungu chake cha 12. Kiswahili nacho hutenga mwizi na mnyang'anyi, mporaji na mdokozi. Lakini hatuna neno moja la mtu huyu, ambaye huichukua mali kama aliyeazima na huirudisha kama aliyeiteketeza.

Mwaka 1991 vijana hao walitikisa nchi. Katika Blackbird Leys, mtaa wa Oxford ambao watu wake wengi walifanya kazi katika viwanda vya motokaa vya Cowley, motokaa za kasi zilizoibwa zilizungushwa mbele ya watazamaji kama katika mchezo, na polisi walipoingia kuzuia kukawa na ghasia. Septemba ya mwaka huo huo, karibu na Newcastle, vijana wawili walikufa katika motokaa ya wizi iliyokuwa ikifuatwa na polisi, na mtaa wa Meadow Well ukawaka moto. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyoongeza adhabu ya kutwaa chombo pale ambapo pametokea madhara: kifungo hata miaka 2, na hata miaka 5 ikiwa mtu ameuawa. Watu wazima waliona sababu katika malezi, wengine katika umaskini, wengine katika motokaa zenyewe na matangazo yaliyosifu mwendo. Kila neno lilikuwa na sehemu yake ya ukweli. Lakini hakuna lililoeleza kwa nini mlango ulifunguka upesi hivyo.

Wa pili walikuwa wafanya biashara, na hao ndio waliokuwa adui hasa wa Cosworth. Injini yake iliweza kutiwa katika Ford za zamani zilizo nyepesi, nao mafundi waliitafuta. Motokaa iliyochinjwa katika karakana ya siri ilitoa injini, sanduku la gia, viti na magurudumu, na kila kiungo kilikuwa na mnunuzi asiyeuliza maswali. Tena kulikuwa na hila ya kubadili jina: mtu alinunua Cosworth iliyopondeka pamoja na hati zake, akaiba nyingine iliyo nzima, akaipa ile nzima nambari za ile iliyokufa. Kwa njia hii adimu ilijizidishia hatari yenyewe. Kadiri zilivyopungua, viungo vilipanda bei. Kadiri viungo vilivyopanda bei, ziliibwa zaidi. Na kadiri zilivyoibwa, zilipungua.

Mzigo ulimwangukia mtu asiye na kosa. Kampuni za bima hazimpimi mtu kwa mapenzi yake. Humpima kwa kundi alimo. Kijana mwaminifu aliyeinunua Cosworth alitiwa kapu moja na hasara zote za jina hilo, akadaiwa ada kubwa, au akakataliwa kabisa. Wengine waliuza, wengine waliificha. Ford ilipotoa Escort RS Cosworth mwaka 1992, ambayo ilitengenezwa hata mwaka 1996 ikafika 7,145, iliikuta sifa mbaya ya dada yake ikiingoja mlangoni. Mwenye motokaa aliibiwa mara mbili: na mwizi usiku, na hesabu mchana.

Je, dawa ilikuwa nini? Dawa ilikuwa imejulikana zamani. Ujerumani Magharibi iliamuru kufuli la usukani kwa motokaa mpya mwaka 1961, na mwaka 1963 kwa zote, mpya na kuukuu, wizi ukashuka. Uingereza ilifuata mwaka 1971, kwa motokaa mpya peke yake. Uchunguzi uliochapwa na Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1976 ulionyesha tokeo la nusu hiyo ya hatua: katika eneo la polisi wa London, motokaa mpya zilikuwa karibu 21 katika kila 100 zilizotwaliwa mwaka 1969, zikawa karibu 5 mwaka 1973, lakini mikono iliyozuiwa kwenye mpya iligeukia zilizo kuukuu. Funzo lilikuwa wazi: kizuizi kikiwekwa kwa baadhi, huhamisha wizi, kikiwekwa kwa wote, huupunguza. Funzo hilo lilingoja miaka 20 lipate kutumiwa.

Mwanzo wa miaka ya 1990 wizi ulifika kilele. Mwaka 1993 polisi wa England na Wales waliandika motokaa karibu 600,000 zilizoibwa au kutwaliwa. Hapo ndipo wenye bima waliposhika nguvu ambayo sheria haikuishika, wakadai mitambo ya umeme inayozuia injini isiwake bila ufunguo wake halisi. Tangu Oktoba 1998 amri ya Umoja wa Ulaya ilitaka kila motokaa mpya iwe nayo. Kadiri zile za zamani zilivyochakaa na kuondoka barabarani, hesabu iliteremka; katika mwaka wa 2013 hata 2014 ilikuwa chini ya 80,000. Haiwezekani kusema ya kuwa katika miaka hiyo 20 Waingereza waliacha kutamani, au kwamba malezi yao yaligeuka kuwa mema kuliko ya babu zao. Motokaa zilikuwa nyingi zaidi na nzuri zaidi. Kilichogeuka ni urahisi.

Ushahidi wa upande wa pili umekuja baadaye. Motokaa za siku hizi ambazo hazihitaji ufunguo kutiwa tunduni zilileta mlango mpya: mwizi hunasa kwa chombo chake ishara ya ufunguo uliomo nyumbani, na motokaa humtii kama bwana wake. Hesabu ikaanza kupanda tena, ikapita 100,000 kwa mwaka. Urahisi uliporudi, wizi ulirudi pamoja nao.

Na ile Cosworth? Zilizosalia zimekuwa hazina. Mwaka 2023 RS500 moja iliuzwa mnadani katika Uingereza kwa bei iliyopita pauni nusu milioni. Hapana shaka inatamaniwa leo kuliko mwaka 1990. Lakini sasa hailali kando ya njia. Hulala ndani, chini ya kufuli linalolingana na thamani yake, na aliye nayo ni tajiri. Yule karani aliyejibana hayumo tena katika habari zake. Hiyo ndiyo hasara ambayo orodha za wizi hazina safu ya kuiandika. Motokaa iliyotengenezwa ili mtu wa kawaida aonje utamu wa mabingwa iliondolewa mikononi mwake, kwanza na wezi, pili na ada ya bima, mwisho na bei. Yeyote apimaye kiwango cha wizi, na asome pamoja na idadi ya vilivyochukuliwa idadi ya watu waliokoma kumiliki kwa hofu. Kwa maana hao nao waliibiwa, ingawa hawakwenda kituoni kuandika shauri.